Je, wajua kiti halisi cha Eames hutambuliwaje?

Kiti cha kupumzikia kilichobuniwa na Charles na Ray Eames, mume na mke wa Marekani, kiliingia sokoni mwaka 1956 kikitengenezwa na kampuni ya Herman Miller, na tangu hapo kimeigwa mno. Mwigaji kwa kawaida hufuata picha, ndiyo maana ngozi nyeusi na mbao zilizopindwa za upande wa mbele huweza kumdanganya hata mnunuzi makini. Tofauti hujitokeza pale ambapo picha haifiki, yaani mgongoni na chini.

Mgongo ndio wenye habari nyingi. Kiti kina maganda matatu ya plaiwudi: la kukalia, la kuegemeza mgongo na la kichwa. Ganda la mgongo huungwa na lile la kukalia kwa vipande vya mpira vilivyobandikwa kwa gundi upande wa ndani, hivyo hunesa kidogo mtu anapoegemea, na ukitazama maganda ya juu kwa nyuma huoni kichwa cha skrubu hata kimoja. Kuufanya mpira ung'ang'anie ubao huku ukibeba uzito wa mtu kwa miaka mingi ni kazi ngumu, na mwigaji anayetaka bei ya chini huona afadhali atoboe ubao na kupitisha bolti. Hata hivyo, bolti peke yake haitoshi kukihukumu kiti, kwa sababu gundi ya viti vya zamani huchoka, mpira ukabanduka, na wapo mafundi waliotoboa viti halisi katika kuvikarabati.

Kiti halisi huzunguka, lakini hakilazwi: mwinamo wake ni mmoja, umepangwa kiwandani. Ukikuta wenzo wa kukilaza nyuma, umeonyeshwa kiigizo. Miguu nayo ihesabiwe: kiti husimama juu ya matawi matano ya alumini, na kile kidogo cha kuwekea miguu juu ya manne, ilhali viigizo vingi huwa na manne kwenye vyote viwili.

Mbao zinataka tahadhari zaidi. Viti vya mwanzo vilivikwa mbao ya Brazili iitwayo kitaalamu Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo wetu, ambayo tangu 1992 biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba kiti kipya kabisa kimetengenezwa kwa mbao hiyo aulizwe vibali.

Lebo iliyo chini ya kiti, ambayo wanunuzi wengi huikimbilia kwanza, kwa maoni yangu ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, kwani kuichapa upya ni rahisi kuliko kupinda plaiwudi. Isomwe baada ya mgongo, mwinamo na miguu kukubaliana.