Hojaji Haisikii Sauti: Utafiti wa Wanafunzi Kuhusu Lugha na Elimu Mtandaoni

Mapendekezo ya utafiti ninayopokea siku hizi kutoka kwa wanafunzi wa isimujamii, yaani taaluma ya lugha katika jamii, hapa Kampala ni mapya kwa mada, lakini si kwa mbinu. Wanataka kuchunguza lugha ya vikundi vya WhatsApp vya wazazi, ujifunzaji wa Kiswahili kwa simu, na video ambazo vijana wa sekondari hurekodi na kusambaza. Ukifika kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, unakuta hojaji: mtafitiwa anaulizwa anatumia lugha gani, wapi na mara ngapi, kisha majibu yanageuzwa kuwa asilimia. Naamini hapo ndipo kazi nyingi nzuri hupotea njia.

Tangu 2007 mtaala wa elimu ya msingi unaelekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, na Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia la nne. Mijini, ambako darasa moja hukusanya watoto wa lugha nyingi, shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Mtu aliyelelewa na mfumo huo amezoea kwamba kuandika ni kuandika Kiingereza, kwa hiyo ukimpa hojaji atakujibu kama mtahiniwa. Atasema huwasiliana na mwalimu kwa Kiingereza, wala hadanganyi, maana ujumbe wake wa maandishi ni wa Kiingereza kweli. Ujumbe wake wa sauti ndio ambao hakuna aliyeuulizia.

Katika vikundi vya wazazi mambo huenda hivi. Mwalimu anaweka tangazo la Kiingereza kuhusu karo na tarehe ya kufungua shule, na wazazi kadhaa wanajibu kwa alama ya dole gumba. Kisha mama mmoja anabonyeza maikrofoni: “Webale nnyo mwalimu, lakini mtoto yangu homuweki ya jana hakuielewa, naomba umsaidie.” Shukrani kwa Luganda, ombi kwa Kiswahili, na kazi ya shule kwa jina lake la Kiingereza. Mtafiti anayehesabu maandishi pekee atamwandika mama huyu kuwa hakuchangia chochote, ilhali ndiye peke yake aliyezungumzia masomo.

Unukuzi, yaani kuyaweka katika maandishi yaliyosemwa kwenye sauti, nao una mtego wake. Mwanafunzi aliyefunzwa Kiswahili sanifu husahihisha anaponukuu, na “mtoto yangu” inageuka “mtoto wangu” hata kabla uchanganuzi haujaanza. Namsihi aiache ilivyo, pamoja na vituo, kusitasita na kelele za bodaboda zinazopita nyuma, kwa sababu Kiswahili cha Uganda kina upatanisho wake wa ngeli, nao haujachunguzwa vya kutosha. Katiba ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tungefaa kujua watoto wanaingia darasani na Kiswahili gani.

Suala la ridhaa silegezi hata kidogo. Sauti humtambulisha mtu hata jina likifutwa, na Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Ruhusa ya msimamizi wa kikundi si ruhusa ya wanakikundi; kila mwenye sauti aulizwe kwa lugha anayoielewa, na kwa mtoto aulizwe pia mzazi au mlezi.

Kazi hii ina thamani nje ya chuo pia. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Luganda na za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutambua usemi, lakini kwa sehemu kubwa wachangiaji husoma sentensi zilizokwisha kuandikwa, nayo mazungumzo ya mama yule hayasomwi popote. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wengi wa wanaoandika tasnifu sasa walikuwa wanafunzi wa shule, wengine wakisubiri zamu ya simu moja ya nyumbani, na wanayajua maswali ambayo mimi nisingeyafikiria. Ndiyo maana kwenye kikao cha kwanza cha usimamizi siombi rasimu ya hojaji. Naomba dakika chache za sauti zilizorekodiwa kwa ridhaa, tuzisikilize pamoja, kisha tuulize swali la utafiti.