Gia 21 na Bado Unasukuma: Kuchagua Gia Nyepesi kwa Baiskeli Yenye Mzigo

Muuza baiskeli atakuhesabia gia: hii 18, hii 21, hii 24. Hesabu hiyo haitakufaa kitu ukishafika mlima wa Nyang'oro, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, na mabegi manne na lita 10 za maji. Cha kuuliza ni hiki: gia nyepesi kuliko zote inasogeza baiskeli mita ngapi pedali ikizunguka mara moja?

Hesabu meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ndogo ya mbele, gawa kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Tairi la inchi 26 lenye unene wa inchi 2 lina mzingo wa karibu mita 2.07. Baiskeli nyingi za bei nafuu huja na 28 mbele na 28 nyuma, kwa hiyo kila mzunguko ni mita 2.07.

Sasa ipeleke mlimani. Mwendeshaji kilo 65, baiskeli 17, mzigo 28: jumla kilo 110. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani unapanda mita 8 katika kila mita 100, kwenda kilomita 5 kwa saa juu ya lami kunataka wati 130 hivi. Mwendo huo ni mita 83 kwa dakika. Kwa 28 na 28, miguu inazunguka mara 40 tu, na kila kanyagio linaishia gotini. Weka 22 mbele na 34 nyuma: mita 1.34 kwa mzunguko, mara 62 kwa dakika. Nguvu ni ileile na mwendo ni uleule, ila magoti yamepona. Kushuka zaidi ya hapo, tuseme 20 na 36, kunawezekana, lakini karibu na kilomita 4 kwa saa baiskeli yenye mabegi huanza kuyumba na usukani haushikiki vizuri.

Tambarare ya Dodoma inadanganya. Ukiijaribu baiskeli mjini hadi Ihumwa utasema haina tatizo. Lakini ukienda Iringa, maji ya bwawa la Mtera yako kwenye mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Upande wa kaskazini vilima vya Kolo vinakungoja baada ya Kondoa. Ukiiacha lami, mchanga wa makorongo nao unataka gia hiyohiyo nyepesi, hata pasipo na mlima.

Mimi huanzia mbele. Kutoka meno 28 kwenda 22 kunapunguza uzito wa gia kwa asilimia 21. Kubadili nyuma kutoka 28 kwenda 34 kunapunguza asilimia 18. Kagua krenki kwanza, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake za mbele. Ikiwa sproketi zimepigwa ribiti, huwezi kubadilisha moja. Unabadilisha krenki nzima. Hapo usidharau mtumba: krenki ya baiskeli ya milimani yenye 22-32-42 iliyofungwa kwa bolti ni mali. Angalia urefu wa ekseli yake, chuma kinachopita ndani ya fremu kuunganisha mikono ya pedali. Ikiwa fupi mno, sproketi ndogo itakwaruza fremu.

Sproketi kubwa ya krenki mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, kibadilisha gia cha mbele lazima kishushwe hadi kibaki milimita 1 mpaka 3 juu ya meno ya sproketi kubwa. Mafundi wengi husahau hapa, kisha cheni inadondokea ndani kila ukishuka gia.

Nyuma, friwili (fungu la sproketi linalofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu) ya meno 14-34 yenye gia 7 inatosha. Nyingi zinaruka kutoka 24 hadi 34 kwa mkupuo; mguu utashtuka, utazoea. Tatizo lake ni ekseli: kwenye habu ya friwili, bearing za upande wa kulia ziko mbali na fremu, hivyo mzigo mzito huipinda au kuikata. Ukipita kilo 25 za mizigo nyuma, tafuta habu ya kaseti, ambayo bearing zake za kulia ziko karibu na fremu.

Kisha direla, yaani kibadilisha gia cha nyuma. Chukua tofauti ya meno mbele (42 toa 22), jumlisha tofauti ya nyuma (34 toa 14): 40. Direla yenye mkono mfupi haiwezi kumeza cheni yote hiyo. Urefu wa cheni upime bila kuipitisha kwenye direla: izungushe kubwa mbele, kubwa nyuma, ongeza pingili mbili. Ikiwa fupi, siku utakayokosea gia itang'oa direla. Kaza skrubu inayozuia direla kwenda ndani, maana cheni ikiangukia kwenye spoku mlimani, gurudumu limekwisha.

Utapoteza mwendo wa juu? Kwa 42 na 14 bado unafika kilomita 33 kwa saa ukizungusha mara 90. Zaidi ya hapo ni mteremko, na mteremkoni na mzigo mimi nashika breki.

Sproketi ya 22 iwe ya chuma. Ya alumini huisha haraka, meno hugeuka ndoano, na cheni yenye tope hung'ang'ania na kupanda nayo hadi kukwama kwenye fremu. Ikitokea, usikanyage kwa nguvu. Zungusha pedali nyuma, futa tope, paka mafuta kidogo. Vumbi jekundu likichanganyika na mafuta mengi linasaga kama msasa.