Anayebisha Hodi Si Lazima Afunguliwe: Dhana Potofu Kuhusu Usalama wa Mtoto Nyumbani

Kila ninapokutana na wazazi wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, kuzungumzia usalama wa watoto, kauli ya kwanza huwa ile ile: "Mwanangu nimeshamfundisha asimfungulie mtu asiyemjua." Husemwa kwa fahari, kana kwamba kazi imekwisha. Nimeisikia mara nyingi mno, na sasa naijibu kwa maandishi, kwa sababu hakuna imani inayowaacha watoto wa Lamu bila kinga kuliko hiyo.

"Wa kuogopwa ni mgeni"

Mji wetu ni mdogo, nyumba zimebanana, na watu hutambuana hata kwa sauti. Asiyejulikana huonwa na kila aliyeketi barazani kabla hajaufikia mlango. Wanaoingia bila kuulizwa ni fundi aliyetengeneza bomba juzi, kijana anayeleta maji, rafiki wa ami, au binamu aliyekuja kulala siku za Maulidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Kenya uliwahoji vijana wa miaka 18 hadi 24, na takriban msichana mmoja kati ya watatu na mvulana mmoja kati ya watano walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotajwa zaidi kuwa watendaji walikuwa watu waliowafahamu, wakiwemo wapenzi na majirani.

Mtoto wa miaka sita akiambiwa ajihadhari na mgeni, hufikiria mtu mwenye sura ya kutisha. Mtu akimwita kwa jina lake, akamtaja mamake na kumpa mabuyu, kwake yeye huyo si mgeni tena. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni ifungwe kwenye kitendo. Mtoto aliye peke yake hafungui mlango, awe anayebisha ni nani. Haondoki na mtu yeyote kabla mzazi hajasema. Hakuna anayeruhusiwa kumchezea sehemu za siri, wala kumtaka amfiche mamake jambo lolote. Kanuni hizi hazimtuhumu ami wala jirani, kwa kuwa zinamhusu kila mtu.

Wapo wanaonijibu kwamba huko ni kumfundisha mtoto utovu wa adabu. Adabu zetu wenyewe zinawapinga. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inawataka hata watoto wasiobaleghe waombe ruhusa ya kuingia nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Nayo mafundisho ya Mtume ni kwamba mtu abishe mara tatu, na asipopewa idhini arudi. Sisi tumeishika hodi tukaacha kusubiri karibu. Mtu huitamka akiwa ameshapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na yu kiwandani, kwenye ua wa ndani. Mtoto anayeyaona hayo kila siku atajua vipi kwamba anaweza kumzuia mtu mlangoni? Watu wazima na waanze wao kusimama dakani hadi waitikiwe, hata nyumba ikiwa ya dada zao.

Baada ya hapo yafanywe mazoezi, nami hili silichoki kulirudia. Mzazi atoke nje abishe, na mtoto aitike bila kuondoa komeo: "Mama hawezi kuja mlangoni sasa, tafadhali rudi baadaye." Wengine huniambia kwamba huo ni uongo. Si uongo, maana mama aliye sokoni kweli hawezi kuja mlangoni, na anayebisha hana haki ya kujua zaidi ya hapo. Kisha abishe tena kama jirani mwenye haraka, halafu kama ami anayedai ametumwa na baba, na jibu libaki lile lile. Familia ichague pia neno la siri ambalo anayetumwa kumchukua mtoto lazima alitaje, na likishatumika libadilishwe. Mtoto aliyeambiwa tu bila kufanyishwa mazoezi husahau yote mara asikiapo sauti anayoipenda.

"Nikimfungia kwa kufuli, yuko salama"

Kufuli lililo nje humzuia mwizi, na humzuia mtoto pia siku moto unapozuka. Moshi huua kabla ya ndimi za moto kufika, na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu. Mtoto mdogo aachwe kwa mtu mzima anayeaminika. Aliyekua kiasi cha kubaki peke yake ajifungie kwa ndani, kwa komeo analoweza kulifungua gizani, ajue njia ya pili ya kutokea, atambae chini ya moshi, na asirudi ndani kuchukua chochote.

"Nikimweleza nitamtia hofu"

Kinachomtia mtoto hofu ni vitisho vya kuibwa na kuchinjwa, ambavyo wazazi hao hao huvitumia kumlaza. Maelekezo humpa jambo la kufanya. Mtoto anayehifadhi sura fupi za Kurani chuoni, yaani madrasa, hashindwi kuhifadhi namba ya simu ya mamake, pamoja na 116, namba ya msaada kwa watoto inayopigwa bila malipo saa 24.

Siku atakapokuja kueleza jambo lililompata, asiulizwe kwa nini alifungua mlango. Asikilizwe hadi mwisho. Ikiwa amenajisiwa, asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Kisha taarifa ifike polisi. Kosa hilo limo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na kikao cha wazee wa familia hakina mamlaka ya kulimaliza, hata mtendaji akiwa mjomba wake.