Mpango wa Malisho kwa Programu ya Kompyuta: Maana Yake

Neno "malisho" lina maana mbili ambazo mfugaji huzitumia bila kuzitenganisha: ni mahali ng'ombe wanapolishwa, na ni chakula chenyewe wanachokula. Mtu wa Rongai au Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, akisema kwamba malisho yamekwisha, hakuna anayedhani shamba limehama. Programu ya kompyuta ya kupanga malisho huanza kwa kulipasua neno hilo: upande mmoja huweka eneo, linalopimwa kwa ekari, na upande wa pili chakula, kinachopimwa kwa kilo. Kisha huongeza jambo la tatu ambalo neno lenyewe halilitaji, nalo ni siku. Kwa hiyo mpango wa malisho ni hesabu ya siku: kundi hili litakaa siku ngapi katika kitalu hiki, yaani kipande hiki cha malisho, na kitalu hiki kitapumzika siku ngapi kabla kundi halijarudi.

Wazo hilo halikuletwa na kompyuta. Wamaasai wana olopololi, sehemu ya nyasi inayohifadhiwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wasioweza kwenda mbali, na Wasukuma wana ngitili, hifadhi yao ya nyasi ya aina hiyo. Katika karne iliyopita, Mfaransa André Voisin alieleza kwamba malisho hayaharibiwi na wingi wa ng'ombe peke yake bali na muda pia, kwa sababu nyasi iliyoliwa, ikachipua, kisha ikaliwa tena kabla haijarudisha nguvu mizizini, hudhoofika hata kama ng'ombe ni wachache. Allan Savory wa Zimbabwe akawafundisha wafugaji kuyaandika hayo kwenye chati ya karatasi yenye vitalu upande mmoja na siku upande mwingine. Programu nyingi za leo, ukiziondolea rangi na ramani, ni chati hiyo iliyofundishwa kujumlisha na kugawanya.

Hesabu yenyewe huanzia shambani, si kwenye skrini. Mfugaji hutengeneza fremu ya waya yenye upande wa sentimita 50, huitupa bila kuchagua mahali, kisha hukata nyasi zote zilizomo ndani ya fremu hadi karibu na ardhi na kuzipima. Tuseme amepata gramu 300. Uzito huo una maji mengi, na ng'ombe hashibi kwa maji, hivyo nyasi hukaushwa na kupimwa tena. Nyasi mbichi za wakati wa mvua zinaweza kubaki na robo ya uzito wake, yaani gramu 75. Kwa kuwa fremu ni robo ya mita ya mraba, hizo ni gramu 300 za uzito mkavu kwa kila mita ya mraba, na kwa ekari moja, yenye mita za mraba 4,047, ni kama kilo 1,200. Nusu yake huachwa ili mmea uwe na majani ya kuanzia upya na udongo usibaki uchi. Zinabaki kilo 600.

Ng'ombe hula kila siku uzito mkavu unaokaribia asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 10 hadi 12. Kundi la ng'ombe 12, tukihesabu kilo 10 kwa kila mmoja, litamaliza kilo 120 kwa siku, na ekari ile itawatosha siku 5. Ikiwa wote wanakamuliwa na kila mmoja anakula kilo 12, siku hizo hupungua na kuwa 4 na kidogo. Fremu moja haitoshi, bila shaka. Watu makini hukata mahali kumi au zaidi na kuchukua wastani, pamoja na pale nyasi zinapoonekana haba, kwa maana mkono wa mfugaji una tabia ya kuitupa fremu penye neema.

Shamba likiwa na vitalu 7 vya ekari moja moja, na kundi likikaa siku 5 katika kila kimoja, kila kitalu hupumzika siku 30 kabla ya zamu yake kurudi. Katika miezi ya mvua nyanda za juu za Nakuru, nyasi ya kikuyu inaweza kurudi vizuri kwa muda kama huo. Kiangazi kikiingia, ukuaji hupungua hadi karibu kusimama, na mapumziko yanayohitajika huwa mara mbili au zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona nyasi ni fupi, huharakisha zamu na kuwahamisha ng'ombe kila baada ya siku mbili wakitafuta panapofaa. Lakini kukaa siku mbili katika kila kitalu kati ya saba maana yake ni kurudi baada ya siku 12, wakati mmea ulihitaji 60. Programu inayafanya makosa haya yaonekane mapema, kwa kuwa ukiingiza tarehe ya kuhama, tarehe ya kurudi hujitokeza yenyewe mbele yako.

Faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko katika zamu za kila wiki bali katika kuhesabu pengo la kiangazi kabla halijafika. Chukua shamba hilohilo tarehe 1 Desemba, kila kitalu kikiwa na wastani wa kilo 500 zinazoweza kuliwa. Jumla ni kilo 3,500, na kwa kilo 120 kwa siku zitatosha siku 29. Mvua ikitazamiwa mwishoni mwa Machi, kuna siku 115 za kuvuka, hivyo siku 86 hazina chakula. Pengo hilo ni kilo 10,320, na robota la nyasi kavu la kilo 15 likiwa na kama kilo 13 za uzito mkavu, mfugaji anahitaji karibu marobota 800. Akiuza ng'ombe watatu, nyasi zilizosimama zitafika siku 39, na marobota yatapungua hadi kama 530. Mtu anaweza kuyafanya haya kwa kalamu, lakini kwa kalamu huyafanya mara moja tu, ilhali programu humruhusu kuuliza "na nikiuza wawili?", "na mvua ikichelewa wiki tatu?" hadi apate uamuzi unaovumilika, tena mwezi wa Desemba, bei ya nyasi kavu ikiwa bado haijapanda kama inavyopanda Februari.

Lakini shamba la kawaida la Njoro halilishi kwa nyasi za kitalu peke yake. Baada ya mavuno kuna mabua ya mahindi, kuna nyasi ndefu ya nepia inayokatwa kando ya ua, na kuna pumba za kununua. Programu iliyotengenezwa Australia au Marekani kwa ajili ya mashamba makubwa mara nyingi haina nafasi ya wazi ya kuandika mabua, na mtumiaji hulazimika kuyaingiza kama chakula cha ziada na kukadiria kilo mwenyewe. Akiyasahau, atatishwa na pengo kubwa kuliko lilivyo.

Vipimo navyo vina mtego wake. Katika maandishi ya mifugo ya Afrika, kipimo cha kulinganisha wanyama ni mnyama wa kilo 250, na kondoo au mbuzi mmoja huhesabiwa kama sehemu moja ya kumi ya kipimo hicho. Programu za Marekani hutumia mnyama wa ratili 1,000, yaani kama kilo 454. Anayechukua idadi kutoka kipimo cha kwanza na kuiandika kwenye kisanduku cha pili huongeza mahitaji ya kundi lake karibu maradufu. Ekari na hekta ni mtego wa pili, na huo umewahi kuninasa mimi. Niliandika moja mahali palipotaka hekta, nikimaanisha ekari moja, na programu ikanijibu kwa adabu kwamba kitalu kitatosha siku 12. Siku ya sita ng'ombe walikuwa wamesimama langoni wakilia.

Baadhi ya programu huchota picha za setilaiti badala ya kutegemea fremu ya waya. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga ulio nje kidogo ya wekundu huo, ambao jicho letu haliuoni. Tofauti ya mianga hiyo miwili hutoa kipimo cha ukijani wa ardhi. Kwa maeneo mapana, kipimo hicho kimefanya kazi kubwa: bima ya mifugo iliyoanza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010, ikiongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ilijengwa juu yake, na fidia hulipwa ukijani unaposhuka chini ya kiwango, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

Kwenye shamba dogo hali ni tofauti. Setilaiti za Sentinel-2 hupita juu ya eneo moja kila baada ya siku 5 hivi, na kila nukta ya picha zake ni mraba wa mita 10. Ekari moja ina nukta 40 tu, na ukiondoa zile za pembeni zilizochanganyika na ua, barabara na mahindi ya jirani, hubaki chache. Wakati wa mvua, juu ya Molo na Kuresoi, wiki kadhaa zinaweza kupita picha zikionyesha mawingu. Na setilaiti haijui kinacholiwa. Kuelekea Gilgil na Naivasha kuna leleshwa kila mahali, kichaka ambacho hubaki na majani mwaka mzima na ambacho ng'ombe hawakishughulikii sana, hivyo ramani inaweza kuonyesha uhai mahali ambapo kundi litalala njaa. Kwa mwenye ekari saba, fremu ya waya ingali bora.

Kinachobaki ni kumbukumbu, na hiyo haimtegemei mwenye simu bali mchungaji. Mpango mzuri huwa na daftari linalotundikwa kwenye banda la kukamulia, lenye safu nne: kitalu, idadi ya ng'ombe, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na jioni mtu mmoja huyahamishia yaliyoandikwa kwenye programu. Safu ya tarehe ya kutoka ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi zaidi, na ndiyo ambayo bila yake siku za mapumziko haziwezi kuanza kuhesabiwa.