Mche wa kubebesha ni nini?

Ukienda kutafuta mwembe wa nyumbani kwenye vitalu vya pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, utaulizwa: "Wa mbegu au wa kubebesha?" Wa kubebesha ni ghali zaidi, na wengi hubeba ule wa bei ya chini bila kujua wanaacha nini.

Mche wa kubebesha ni mimea miwili iliyoungwa ikawa mti mmoja. Chini ni mche ulioota kwa mbegu, wenye mizizi yake. Juu ni kijiti kilichokatwa kwenye mti ambao matunda yake yanajulikana, tuseme dodo. Fundi huvichonga kwa kisu kikali, huvikutanisha hadi utando laini ulio chini ya gome la kila kimoja ugusane, kisha hufunga kwa nailoni. Utando huo ndio unaoshikana na kufungua njia ya maji na chakula. Lakini sharti pawe na undugu: mchungwa hushika juu ya mlimau, haushiki juu ya mwembe hata uufunge vipi.

Kwa kuwa kijiti kimetoka kwenye mti ambao tayari unazaa, hakina utoto wa kupitia. Mwembe wa kubebesha huweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4. Wa mbegu mara nyingi hukusubirisha miaka 6 au zaidi. Tena unajua utakachokula, maana wa mbegu huenda usifanane na mama yake. (Zipo aina za embe ambazo mbegu moja hutoa machipukizi kadhaa, na mengi huwa sawa na mama, ila si zote.)

Kabla ya kulipa, tazama shina juu kidogo ya udongo wa kiriba (mfuko wa mche). Lazima uone kovu, mara nyingi limepinda kidogo. Kama halipo, usikubali maneno. Nailoni ikiwa bado imebana, itoe kiungo kikishashika, la sivyo itakaba shina likinenepa.

Panda masika yakianza, kovu libaki juu ya udongo. Na hapa ndipo watu wengi hupoteza mti: chochote kinachochipua chini ya kovu si tunda ulilonunua. Mchungwa unaosemwa "umegeuka mlimau" haukugeuka; chipukizi la mlimau, lenye miiba yake, liliachwa likaupita. Likate pale linapotokea, lingali laini la kung'oka kwa vidole.