Badilisha rejeta mwenyewe ukitaka, lakini themostati iache

Wiki hii huyu ni wa tatu. Kaletwa na Toyota IST yake ikivutwa kwa kamba, mvuke umeshaisha, mwenyewe kaloa jasho. Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, imepasuka tanki la juu, ule mpasuko wa plastiki iliyozeeka ambayo imegeuka rangi ya ugoro. Nyingine keshanunua Kariakoo, iko kwenye buti ndani ya boksi. Nikamwambia kazi hii hata nyumbani ungeifanya, mchana mmoja tu. Akafurahi. Kisha akaongeza, kama mtu anayenikumbusha jambo nililosahau: "Na ukishafungua hapo, fundi, ile themostati itoe kabisa. Ile ni ya nchi za baridi."

Sikumjibu. Nilikwenda kunywa maji kwanza. Jibu lenyewe hili hapa.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Themostati ni mlango unaozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Ya injini kama ya IST huanza kufunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 84, na yakifika 95 imeshafunguka yote. Dar ikichoma kweli, mwezi wa pili, ni nyuzi 33 au 34. Sasa hiyo 34 imeifikia 80 wapi? Tokyo mwezi wa nane hupita 35, Dubai hupita 45, na magari yanayotoka huko, haya haya tunayoyanunua yakiwa yametumika, yanateremka bandarini na themostati zake ndani. Aliyeibuni hakuwa anawaza theluji. Aliwaza injini, ambayo inataka maji yake yakae kwenye nyuzi 80 na kitu kwenda 90, uwe kwenye baridi la Makete au joto la Muscat.

Injini isiyopata joto lake ni mgonjwa. Kompyuta ikisoma kwamba maji yako nyuzi 60, inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumimina mafuta kama ya asubuhi. Petroli inayozidi inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Plagi zinakuwa nyeusi. Gia boksi ya otomatiki nayo inachelewa kukubali gia ya juu. Mwenye gari analalamika kwamba linakula mafuta. Anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozo, anauziwa sensa, na kumbe mashine ya kusomea hitilafu ilishaandika P0128 tangu siku ya kwanza, yaani maji hayafiki joto lake.

Hilo la mafuta naweza kulivumilia. Linaloniudhi ni kwamba kwenye injini nyingi za Toyota, kutoa themostati kunaweza kulifanya gari lichemshe zaidi.

Ichukue mkononi uiangalie. Juu kuna kisahani kinachoziba njia ya rejeta. Kuna springi. Katikati kuna kikopo kidogo chenye nta ndani. Chini kabisa kuna kisahani cha pili, kidogo kama kifungo cha koti, ambacho wengi hawakioni au wanadhani ni kitako cha springi. Hicho ndicho kisa chote. Ndani ya injini maji yana njia mbili. Moja inakwenda kwenye rejeta kupoa. Nyingine ni ya mkato, inayazungusha humo humo ili injini ipate joto haraka ikitoka kuwashwa. Nta ikipata moto inavimba na kusukuma: kisahani kikubwa kinafungua njia ya rejeta, na papo hapo kile kidogo kinakwenda kuziba njia ya mkato. Mlango mmoja unafunguka, mwingine unafungwa, na kazi zote mbili anazifanya mtu mmoja.

Ukimfukuza huyo mtu, milango yote miwili inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ukiwa barabara ya Morogoro, gari linakimbia na upepo ni mwingi, hutagundua lolote. Mshale utakaa chini, utamsifia fundi wako. Subiri siku ukwame kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, AC imewashwa, upepo hakuna, feni peke yake ndiyo inayotegemewa, na sehemu ya maji haipiti mbele ya hiyo feni. Hapo mshale unaanza kupanda, na mtu anasema rejeta mpya ni feki. Inawezekana ni feki kweli, zimo. Lakini angalia kwanza kilichoondolewa.

Kuna na watetezi wa themostati wanaonichosha karibu sawa na wapinzani wake. Hao utawasikia wakisema: bila themostati maji yanapita kwenye rejeta mbio mno, hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Maji ni yale yale yanayozunguka. Yakipita mara mbili pale yalipokuwa yanapita mara moja, muda wao ndani ya rejeta kwa jumla ni ule ule, na mwendo wa kasi unasaidia joto kutoka. Sababu ni ile njia ya mkato. Ukitetea jambo la kweli kwa sababu ya uongo, siku mbishi akikubana unaanguka na ukweli wako.

Na mimi nimezitoa sana, nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa najifunza kazi, gereji yetu ilikuwa na kopo la rangi la lita nne limejaa themostati za watu, na mwenye gereji alilionyesha kwa fahari kama mwindaji anayeonyesha pembe. Imani hii haikutoka hewani. Themostati ikizeeka inaweza kukwama ikiwa imefungwa. Gari linachemsha, fundi anaitoa, gari linapoa mchana ule ule. Anayeona hivyo mara tano atakuwa na dini mpya. Hata leo, gari likinigomea Mikumi usiku na themostati imekwama, nitaitoa, nitafika Morogoro, na kesho yake nitatafuta nyingine. Tena kuna Corolla moja ya teksi niliyoitoa na ikaendelea kupiga kazi miaka mingi bila kulalamika, na sina maelezo mazuri ya kwa nini ile ilivumilia.

Kujua kama yako ni nzima, ichemshe. Bana uzi kwenye mdomo wa themostati ikiwa baridi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Ikifunguka, uzi unaachia na yenyewe inadondoka: soma joto hapo hapo. Ikidondoka kwenye 80 na kitu, nzima. Maji yakitokota na bado inaning'inia, itupe. Tumia sufuria ambayo hairudi jikoni. Mimi hili niliambiwa nyumbani, kwa sauti kubwa.

Sasa rejeta yenyewe, na hapa nakwenda haraka maana ndiyo sehemu rahisi. Gari lipoe. Lipoe kweli, ushike mpira wa juu na kuuminya bila kuruka. Toa waya wa hasi wa betri. Beseni chini, fungua koki ya plastiki chini ya rejeta, kisha kifuniko cha juu ili maji yashuke vizuri. Kulanti inayotoka, yale maji ya rangi ya kupozea injini, usiiache uani: ni tamu, mbwa ataionja, na inaua. Mipira irudishe klipu nyuma kwa plaizi, uzungushe mpira kwanza mpaka uachie, ndipo uvute. Ukichokonoa kwa bisibisi utavunja shingo ya plastiki, na kama rejeta hiyo ulitaka kuirudisha, basi. Chomoa soketi ya feni, fungua bolti zake, spana namba 10 itakufikisha karibu kila mahali, toa feni na kava lake pamoja. Fungua vishikizo vya juu, inyanyue wima. Chini imekalia raba mbili. Hizo hupenda kuganda kwenye rejeta ya zamani na kwenda nayo kwa wauza chuma chakavu, halafu mpya inakaa ikigongagonga. Mbele yake ni kondensa ya AC. Usiguse mabomba yake.

Kwenye otomatiki nyingi kuna mipira miwili myembamba inayoingia tanki la chini. Hiyo ni ya mafuta ya gia boksi, yanapozwa humo humo kwa bomba lililo ndani ya tanki. Ukiichomoa, izibe kwa bolti inayoenea, pima kilichomwagika, na urudishe kiasi hicho hicho cha aina hiyo hiyo. Na kabla ya kutupa rejeta ya zamani chungulia ndani yake: ukikuta kitu cha pinki kizito kama maziwa ya stroberi, bomba hilo limetoboka, maji na mafuta vimeoana, na tatizo lako sasa ni gia boksi. Hapo acha kazi, usiwashe gari, ita mtu.

Weka mpya na ya zamani chini, ubavu kwa ubavu, kabla ya kufunga: shingo, vishikizo, mahali pa feni. Kulinganisha ni dakika mbili. Kurudi Kariakoo na rejeta iliyokwisha lowa ni ugomvi.

Cha kujaza ndani: kulanti iliyochanganywa tayari, si maji ya bomba wala, Mungu apishe mbali, ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi na aluminiamu haviishi nyumba moja. Rejeta hizi za leo ni aluminiamu iliyobanwa kwenye tanki za plastiki. Si zile za shaba ambazo mzee wangu alikuwa akizichomelea kwa risasi na kuzizibua kwa fimbo ya chuma. Ukinunua kulanti nzito ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri. Sema vizuri dukani: ya kuongezea. Ukisema tu maji ya betri, kuna duka utapewa asidi. Rangi usiifuate kama sheria, kila kampuni inatia yake, soma kopo. Na yai, pilipili manga na unga wa kuziba, vile watu wanavyotia kwenye rejeta inayovuja, viacheni. Vinaziba, ndiyo, vinaziba na hita.

Kifuniko nunua kipya chenye namba ile ile ya zamani, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni presha. Kwa 1.1 maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Kwa kifuniko kilicholegea yanachemka kwenye 100 kama ya chai, na wewe utalaumu themostati.

Kisha kutoa hewa, mahali ambapo kazi nzuri za nyumbani huharibikia. Kama umefungua themostati, irudishe na raba mpya, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikiwa juu, maana hewa inapitia hapo. Rudisha waya wa betri, kifuniko kikiwa wazi, hita kwenye moto wa mwisho. Ndiyo, hita, kwenye joto hili. Mimina polepole, injini ya namna hii inakunywa lita tano hivi. Washa, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, minya mpira wa juu kwa mkono, utasikia inabeua. Ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Mpira wa chini ukianza kupata moto, themostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, hita itoe upepo wa moto kweli, maji yatulie, ndipo ufunge kifuniko. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, fungua tena uangalie. Yatakuwa yameshuka kidogo. Ongeza. Rudia siku ya tatu.

Kuna jambo moja siwezi kumhakikishia mtu yeyote: kama gari lilichemka mpaka likazimika, gasketi ya silinda hedi, ile pakiti inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imepona au haikupona. Nimeona iliyotembea na mshale kwenye nyekundu kilomita mbili ikawa salama, nikaona iliyochemka dakika tano ikafa. Mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta, moshi mweupe unaonukia utamu, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, hizo ni habari mbaya. Zisipoonekana leo, bado naogopa kwa wiki mbili, na wewe uogope.

Yule wa IST alirudi saa kumi na mbili. Themostati yake ilidondoka kwenye uzi ikiwa nyuzi 83, nikamwonyesha kipimajoto, nikaifunga na raba mpya mbele yake. Alilipa, akashukuru. Alipokuwa akifunga mlango nilimsikia anamwambia wa pembeni yake kwamba kesho atampitia fundi mwingine amtolee.