Dunia pepe ni nini, na sayansi inaingiaje humo?

Watu wengi wakisikia "dunia pepe" wanafikiria ile miwani mikubwa ya kuvaa usoni, ama wanafikiria gemu. Miwani si lazima, na gemu ni jirani yake tu. Dunia pepe ni mahali palipotengenezwa kwa kompyuta, unaingia kwa intaneti ukiwa na mwili wako wa humo, huo wanauita avata, unatembea, unapaa ukitaka, na unakuta watu wengine wamo saa hiyo hiyo, mmoja yuko Malindi mwengine yuko Brazili, mnaongea. Ukitoka, mahali panabaki, kesho ukirudi kile ulichojenga unakikuta. Hakuna kushinda wala kushindwa. Iliyovuma sana ni Second Life, ya kampuni ya Linden Lab ya Marekani, ilifunguliwa 2003 na mpaka leo ipo.

Haya, sayansi sasa. Nilielewa vizuri siku niliyomuonyesha ami yangu vidio kwenye simu. Ami ni mvuvi, mtu wa Shela hapa hapa Malindi. Vidio yenyewe ilirekodiwa ndani ya dunia pepe, kuna ufuo umejengwa humo, maji yanarudi nyuma, watu wa avata wamesimama wanatazama, halafu tsunami inaingia mpaka kwenye majumba. Ami akatizama kimya, kisha akasema, "Hebu igeuze, tuitizame kutoka chomboni, kule nje ya mwamba." Nikamwambia haigeuki, ni vidio. Akanirudishia simu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Vidio unaona pale aliposimama mpigaji. Lakini ufuo ule wenyewe, ungekuwa umeingia humo mwenyewe, ungetembea mpaka baharini ukaligojea wimbi huko. Na swali la ami ndilo swali zuri kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni la ajabu: kule kwenye kina ungekuwa chomboni usingeona kitu! Tsunami ya 26 Desemba 2004, setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi ilipima wimbi likiwa kama sentimita 60 tu, na lilikuwa linakwenda kasi kama ndege ya abiria, lakini ni pana, kilomita mamia, kwa hivyo chombo kinainuka taratibu na kushuka taratibu na wewe unaendelea na nyavu zako. Likifika maji madogo, mbele linapunguza mwendo, nyuma bado linakuja, ndio maji yanarundikana. Tetemeko lilikuwa Sumatra, kwetu ilikuwa haijafika saa kumi alfajiri, na huku maji yalifika mchana. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wanajua bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa sana, wanajua maji yanachukua kama saa sita kujaa na sita kupwa, sasa wakayaona yanatoka na kurudi kwa dakika. Kitu kama hicho ukikichora ubaoni mtoto atanakili tu.

Huo ufuo wa tsunami si hadithi, NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, lilijenga kisiwa ndani ya Second Life, na humo pia ulikuwa unaweza kupanda na puto la hali ya hewa mpaka juu ama kupita ndani ya kimbunga ukiwa juu ya bawa la ndege. Wengine walijenga makumbusho ya roketi, zimesimama kwa ukubwa wake. Mimi hapo nafikiria Ngomeni, watoto wanaiona ile mitambo ya San Marco baharini, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, kila siku na wengi hawajui kwamba 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jukwaa lile si mtu yeyote tu anaruhusiwa kupanda. Kwenye dunia pepe darasa zima lingepanda.

Shida zipo, tusidanganyane. Inataka kompyuta yenye nguvu na bando la maana, kwa simu ya kawaida itakwama tu. Na visiwa vingi vilijengwa kwa mbwembwe, pesa zikaisha, vikafungwa ama vikabaki vitupu, unazunguka humo peke yako kama mlinzi wa usiku. Kwangu mimi kisiwa kitupu hakina faida sana hata kiwe kizuri vipi, afadhali kibanda kibovu chenye mwanasayansi mmoja aliyekaa wa kuulizwa, maana ami baada ya ile habari ya sentimita 60 aliniuliza, na samaki je, wao wanalihisi? Nikabaki namtizama.